Naomba ushauri: nimwambie mchumba kuhusu goita ya ukoo wetu kabla ya ndoa?

Mwana Makambako: Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 31, kwetu Makambako, natafutia maisha Uyole, Mbeya. Septemba nafunga ndoa, mahari nimemaliza, ukumbi nimelipia nusu. Sasa Machi dada yangu katolewa goita, kinyama kikapelekwa maabara, kimerudi saratani. Baba mdogo anasema shingo hizi ni za ukoo. Shangazi alikuwa nayo, na baba alitutoka mezani akifanyiwa upasuaji wa ngiri, presha ilipanda ghafla. Swali langu dogo tu: nimwambie mchumba sasa au tukishaoana? Usingizi sina.

Parachichi la Njombe: Mkuu, goita ni chumvi. Huku kwetu udongo hauna madini joto, ndiyo maana zamani kila kijiji kilikuwa na marovu. Bibi yangu Makete alikuwa nalo kama embe, likimtangulia mlangoni, na kalima viazi mpaka kazeeka. Nunua chumvi ya pakiti, oa.

Mama Wawili: Mwambie leo. Mimi niliolewa na mtu mwenye madeni, nikaja kuyajua mgambo wako mlangoni wanabeba kabati.

Kijiwe Soweto: Ukumbi nusu? Basi alika wageni nusu. Naomba kadi.

Sista wa Zamu: Mdogo wangu, karatasi ya maabara imeandikwaje? Saratani ya tezi ya shingo si moja. Papilari ndiyo nyingi. Folikula hupenda penye upungufu wa madini joto. Ipo na medula. Yenu ipi?

Mwana Makambako: Dada, karatasi ni ya kitaalamu, sikuisoma vizuri. Mimi nimeuliza la mchumba.

Sista wa Zamu: Isome.

Mwana Makambako: Medula. Daktari alisema ndugu wote tukapimwe. Lakini mimi mzima, gunia la viazi nabeba mwenyewe, shingo laini. Nimeshaamua nitapima baada ya harusi, hela yote iko kwenye ukumbi.

Sista wa Zamu: Basi hiyo si chumvi. Medula huanzia kwenye seli za tezi zinazotengeneza homoni ya kalsitonini, na katika wagonjwa wanne, mmoja hivi amerithi kasoro kwenye jeni ya RET. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ni nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Anaanza dada yako kupimwa damu. Ikionekana kwake, nyie wengine mnatafutwa hiyo hiyo. Shingo laini haisemi kitu. Una mtoto?

Profesa wa Vumbi: Magonjwa ya kurithi haya ni ya Wazungu. Kuna utafiti wa Iceland, nimeusoma.

Sista wa Zamu: Ule wa 2009 uliona tofauti za vinasaba karibu na jeni za FOXE1 na NKX2-1, zinazoongeza hatari, na hasa ni habari za papilari. Waliopimwa ni watu wa asili ya Ulaya, kwa hiyo makadirio yake huwezi kuyabeba yalivyo ukayashusha Mafinga. RET haiulizi kabila. Mwana Makambako, nimeuliza kuhusu mtoto.

Mwana Makambako: Ninaye. Wa kike, miaka minne, yuko Mafinga kwa mama yake. Mchumba hamjui. Msinihukumu, matumizi natuma kila mwezi. Na mtoto anacheza vizuri tu. Kumchoma sindano kwa jambo ambalo hata mimi sijapimwa ni kumwonea.

Mama Wawili: Loh! Kumbe goita ilikuwa pazia.

Kibuyu: Wakuu, hii chai. Someni toka juu: baba kafa na presha kwenye ngiri, mara ukoo wa saratani, mara mtoto kaibuka. Kesho namba ya kuchangia. Chai ya Mufindi kabisa, yenye maziwa.

Kijiwe Soweto: Maandazi nimeleta.

Sista wa Zamu: Kibuyu, hapo unapoona hapaungani ndipo nilipoanza kuamini. Kasoro hiyo ya RET huweza kuleta pia uvimbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, unaomwaga homoni za kupandisha presha. Mlaze mtu huyo mezani bila kujua, anaweza asiamke. Mtunga chai angejuaje kuweka ngiri? Sisemi ndicho kilichomuua mzee, hakupimwa. Ila wewe kijana, ukikutwa na RET usikubali kisu chochote kabla hawajaangalia hilo. Na uko sahihi kwa moja: mtoto hapimwi kabla yako. Sasa hesabu. Kwa kasoro ya kodoni 634, yaani sehemu mojawapo ya jeni hiyo ya RET, miongozo inataka tezi ya shingo ya mtoto itolewe kufikia miaka mitano. Wako ana minne.

Kibuyu: Sawa dada. Kikombe bado nimeshika lakini.

Parachichi la Njombe: Kwa hiyo chumvi ya mawe naweza kurudia?

Sista wa Zamu: Usirudie.

Mwana Makambako: Dada yangu kakubali, Jumatatu tunaenda wote. Nimempigia mama wa mtoto. Kabla sijasema kitu kaniuliza, "Harusi lini?" Anajua. Nikakata simu.

Mama Wawili: Piga tena.