Dawa ya Mama isipande na sanduku

Kikundi: Familia ya Chumbageni

JUMATANO

19:42 Zuhura: Shikamooni wakubwa. Umra ya Mama ni Jumamosi. Leo nimemsaidia kupanga sanduku nikakuta insulini, sindano yake ya kisukari, kaizungushia kanga mbili, kaifukia katikati ya nguo. Nimeitoa. Amenuna.

19:44 Mama: Sijanuna. Sitaki kufunguliwa mkoba mbele za watu sindano zikaonekana.

19:46 Shangazi Mwanaidi: Wifi yangu, nisikilize. Mwaka niliokwenda hija niliiweka sandukuni hivyohivyo. Mimi nikafika, sanduku halikufika. Siku mbili sina dawa, nchi ya watu. Kinywa kikavu, kiu haiishi, usiku kucha niko njia ya chooni, macho yana ukungu. Dawa inapatikana, nimeshalazwa. Usinirudie.

19:47 Idi: Subhanallah. Shangazi hili hukuwahi kutwambia.

19:51 Rashidi: Shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Ndiyo natoka kazini, duka la dawa. Hata sanduku lingefika, kule chini kwenye mizigo baridi inaweza kuigandisha dawa. Insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka haifai tena. Mama, yako ni ile nyeupe kama maziwa. Ukiibingirisha viganjani ikabaki na vipande, au unga umegandia kwenye kioo, usiichome.

19:53 Mama: Marahaba mwanangu. Na hiyo sheria ya ndege, maji ya mkobani mwisho mililita 100?

19:55 Rashidi: Chupa yako ina ml 10 tu. Na dawa ya mgonjwa ina ruhusa yake, ila useme mapema unayo. Iache kwenye boksi lake lenye karatasi ya duka la dawa, pamoja na barua ya daktari inayotaja insulini NA sindano. Jina lifanane na la pasipoti.

19:56 Zuhura: Hapo pana neno! Kadi ya kliniki imeandikwa jina la nyumbani. Kesho alfajiri mimi na Mama tuko kliniki, waandike barua upya, kwa Kiingereza.

20:03 Idi: Mimi ndiye nitakayekuwa naye. Nitamwambia mkaguzi kabla mkoba haujaingia kwenye mashine. Mama akitaka, tutaomba akaguliwe pembeni. Nimenunua na kikasha chenye barafu za kugandisha.

20:04 Rashidi: Barafu isiguse chupa! Izungushie taulo. Watu wanaogopa joto wanasahau kwamba barafu inaua haraka zaidi.

20:06 Shangazi Mwanaidi: Mimi umeme ukikatika naweka kwenye chungu kilicho ndani ya chungu, katikati mchanga mbichi. Inakaa baridi yake nzuri.

20:10 Rashidi: Naam, ni njia nzuri hiyo. Sasa hesabu. Mama anachoma uniti 20 asubuhi na 12 jioni, ni 32 kwa siku. Siku 15 ni 480. Chupa moja ina 1000, inatosha. Lakini beba mbili, moja mkoba wa Mama, moja wa Idi. Moja ikivunjika hamtahangaika. Na kwenye basi la kutoka Tanga pia msiitie kwenye buti, kule ni tanuri.

20:12 Mama: Saa za kuchoma?

20:13 Rashidi: Jeddah na Dar saa ni moja, hubadilishi kitu. Ila kwenye ndege usichome mpaka sahani ya chakula iko mbele yako. Ukichoma kisha chakula kikachelewa, sukari itashuka ukiwa angani. Tende na juisi ya boksi viwe kwenye mfuko wa Idi muda wote.

20:15 Shangazi Mwanaidi: Na miguu wifi! Tawafu ni mizunguko saba, kisha Safa na Marwa mara saba. Vaa soksi, na usiku ukague nyayo. Kidonda chetu sisi hakiumi mpaka kimeharibika.

20:20 Mama: Haya. Zuhura nirudishie hiyo dawa niitie mkobani mwenyewe.

JUMAPILI

04:48 Idi: Assalam alaykum. Tuko Makka, umra imekamilika alhamdulillah. Uwanjani walifungua boksi, wakasoma barua, wakatupitisha. Ndege ilichelewa, chakula nacho kikachelewa. Mama akasubiri na sindano yake mpaka sahani ilipofika.

04:50 Zuhura: Alhamdulillah! Sukari?

04:51 Idi: Kabla ya tawafu 8.1. Baada ya Safa na Marwa 4.2, mikono inamtetemeka. Nikampa juisi na tende tatu, tukakaa chini. Robo saa baadaye 6.0.

04:52 Rashidi: Mmefanya vyema. Kesho ale kitu kabla ya kutembea.

04:55 Mama: Nyayo nimezikagua, hazina kitu. Chupa ya pili nimeiweka mlangoni mwa friji, mbali na barafu. Mwanaidi, nimekuombea wifi yangu, kwa jina.