Tangi la samaki sebuleni, chujio stoo: bomba zipite wapi?

Mkazi wa Njiro
Habari za jioni, wanajamvi. Ninajenga nyumba huku Njiro, Arusha, na kabla sakafu haijamwagwa ninakusudia kuandaa nafasi ya tangi la samaki sebuleni, lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50, yaani lita 300 likijaa. Mama mzazi hupumzika sebuleni mchana wala hapendi muungurumo wa aina yoyote, kwa hiyo ningependa pampu, hita na chujio vikae stoo, ng'ambo ya korido, umbali wa mita 5 hivi. Fundi wangu anashauri bomba zote zipande, zipite darini, kisha zishuke stoo. Je, maji yatakwenda?

Fundi bomba, Majengo, Moshi
Ndugu, bomba la kurudisha maji sebuleni linaweza kupita darini kwa kuwa linasukumwa na pampu, ingawa kila mita ya kupanda itapunguza kiasi cha maji yanayofika. Bomba la kutoa maji tangini ndilo lisilowezekana huko, kwa sababu maji yake huteremka yenyewe na hayana cha kuyapandisha. Lipitishe chini ya sakafu ya korido, likiinama walau sentimita 1 kwa kila mita, na huko stoo chimba shimo la sentimita 60, ulijengee na kulipiga lipu, tangi la chujio likae humo ili bomba limwage kwa kushuka moja kwa moja. Ukiliacha lizame kisha lipande tena, uchafu utatuama pale chini, na siku ya kuzibua utavunja vigae.

Tumia inchi moja na nusu kwa kutoa na inchi moja kwa kurudisha. Weka yunioni, yaani kiungo kinachofunguliwa bila kukata bomba, pande zote mbili za pampu, na uepuke elbo (kona) za ghafla.

Mfugaji wa Sakina
Hayo ni sahihi, lakini mwulize fundi wako swali moja zaidi: umeme ukikatika usiku, maji yatakwenda wapi? Mimi sikuuliza. Mdomo wa bomba langu la kurudisha ulikuwa sentimita 15 chini ya uso wa maji, na pampu iliposimama, bomba lile likaanza kuvuta maji kinyumenyume hadi mdomo ulipobaki hewani. Kwa tangi la vipimo vyako, kila sentimita 1 ya kina ni lita 6. Piga hesabu mwenyewe uone lita 90 zikimwagika stoo palipokuwa na gunia la mchele. (Mke wangu bado analitaja gunia hilo.)

Mdomo ukae sentimita 2 tu chini ya uso wa maji, na utoboe tundu dogo karibu na uso ili hewa iingie na kuukata mvuto. Tundu hilo lisafishwe kila wiki, maana mwani huliziba. Vali ya kuzuia maji yasirudi usiitegemee peke yake, kwani ganda moja la konokono linatosha kuiacha wazi. Kisha tangi la stoo liwe na nafasi tupu ya lita 40 wakati pampu inafanya kazi: hata maji yakishuka sentimita 4 badala ya 2 ni lita 24, na yaliyomo ndani ya bomba yataongezeka juu yake. Jaribu kwa kuzima swichi kabla hujaweka samaki hata mmoja.

Nyaya zinazoingia kwenye soketi zining'inie chini kidogo kuliko soketi yenyewe, ili tone la maji lidondoke kabla halijaufikia umeme.

Mkazi wa Njiro
Nashukuru sana. Shimo nitalichimba. Bado ninahofia mlio wa maji yanayoshuka, kwa sababu huo utabaki sebuleni hata pampu ikihamishwa.

Mfugaji wa Sakina
Mlio hutokea maji na hewa vinapogombania bomba moja. Weka mabomba mawili ya kutoa: la kwanza lenye koki unayoibana taratibu mpaka bomba lijae maji matupu bila hewa, nalo litanyamaza kabisa, la pili mdomo wake uwe juu kidogo, likae kavu, lipokee maji siku la kwanza litakapoziba. Koki hiyo iwe stoo, mahali mkono unapofika.

Kwa samaki, pima kwanza maji yako, kwa kuwa maji ya miteremko ya Meru mara nyingi yana magadi na floridi. Wale wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji yenye pH (kipimo cha uchachu au magadi) ya karibu 9, hivyo huenda wakakufaa kuliko wa maji laini, yaani yenye madini kidogo. Hita usiidharau: Juni na Julai usiku huku ni baridi, na bomba la mita 5 lililozikwa sakafuni litapoteza joto, kwa hiyo livike sponji kabla zege halijamwagwa.