Mdogo wangu ana damu ndogo na huzuni isiyoisha tangu ajifungue. Tiba ianzie wapi?

Dada wa Wanging'ombe
Kamwene ndugu zangu. Mdogo wangu anaishi Njombe mjini, ni fundi cherehani. Alijifungua mwezi wa pili na siku ile alivuja damu nyingi. Tangu hapo si yule ninayemjua. Cherehani imefunikwa kanga, wateja wa sare za shule wamechukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine. Mchana analala, usiku macho makavu. Mtoto akilia anamtazama tu mpaka mama mkwe amchukue. Akipanda kile kilima cha kutoka sokoni anasimama njiani kuhema, na kwa siri anatafuna pemba, ule udongo wa wajawazito.

Damu ilipimwa ikasoma gramu 10.4. Akapewa FEFO, vile vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki vya kuongeza damu, akaambiwa imepungua kidogo tu. Jirani yetu, mhudumu wa afya wa mtaa, anasema hii ni sonona ya uzazi, ule ugonjwa wa huzuni unaompata mama aliyejifungua. Ukweni wanasema uvivu, na shangazi wa mume ameshaanza kumtaja mganga. Naomba kueleweshwa: damu ikipanda, huzuni itaondoka yenyewe? Au tunatibu ugonjwa mmoja tukiuacha mwingine? Kila mtu anavutia kwake, naye anazidi kukonda.

Mkulima wa Uyole
Pole sana dada. Juisi ya rozela na bitiruti kila siku, na mboga za majani. Mke wangu alipona kwa hizo. Damu ikijaa na mawazo yataisha.

Maabara Mbeya
Mkuu wa Uyole, rozela haina ubaya, lakini damu iliyomwagika wakati wa kujifungua haizibwi na juisi. Vidonge aendelee navyo.

Dada, hiyo 10.4 isikupe amani. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu, ila 12 hiyo ni ya watu wa pwani. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ina oksijeni kidogo, mwili unafidia kwa kutengeneza damu nyingi zaidi, kwa hiyo kabla ya kusoma jibu unatakiwa kuondoa kama gramu 1, hata zaidi. 10.4 ya Njombe ni 9 na pointi ukiwa Dar es Salaam. Hapo huwezi kusema "kidogo tu". Nyanda za juu tunawaruhusu kina mama wengi warudi nyumbani kwa sababu namba inaonekana nzuri, na jambo hili linaniumiza.

Pemba nayo inasema kitu. Hamu ya kula udongo mara nyingi huja madini chuma yakipungua, na udongo wenyewe huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Aombe FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, na kipimo cha choo, minyoo ya safura isije ikawa inamnyonya. Akipata hospitali inayopima ferritini, ndiyo inayoonyesha akiba ya madini chuma. Damu ikirudi vizuri vidonge visiachwe hapo hapo. Kwa kawaida huendelea kama miezi 3 ili akiba nayo ijae.

Mama Tukuyu
Dada, mdogo wako asinywe hivyo vidonge kwa chai. Sisi wa Rungwe chai ni asubuhi na jioni, na chai inashika madini chuma tumboni. Ameze kwa maji au juisi ya chungwa, chai isubiri saa moja au mbili. Choo kikiwa cheusi asiogope.

Kuhusu swali lako, kwa uzazi wangu wa pili damu ilifika 13 nikiwa bado nalilia jikoni mlango umefungwa. Nilipona nilipoanza kuonana na mshauri hospitalini. Vyote viwili vilikuwa kweli kwangu.

Nesi wa Ipogolo
Nafanya kazi kitengo cha afya ya akili, Iringa. Mama Tukuyu amelijibu swali. Kazi ya madini chuma si kutengeneza damu tu, ubongo nao unayahitaji kutengeneza dopamini na serotonini, kemikali zinazobeba hamu na utulivu. Kwa hiyo upungufu unaweza kuchochea sonona, na mwenye sonona hali vizuri, damu inashuka tena. Wapo wanaochangamka damu ikipanda. Wapo wasiochangamka, na hao wasingojeshwe miezi mitatu ya FEFO.

Kuchoka, kuhema na moyo kwenda mbio vinaweza kuwa damu. Kujiona hafai, kutojali mtoto, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, hayo usiyasukumie damu. Kuna maswali 10 ya Edinburgh ya kupima sonona ya uzazi. Mwombe nesi wa kliniki amuulize. Je, amewahi kusema lolote kuhusu kufa?

Dada wa Wanging'ombe
Asanteni sana. Dada nesi, jana usiku alisema mtoto angelelewa vizuri zaidi kama yeye asingekuwepo. Nikadhani ni uchovu.

Nesi wa Ipogolo
Dada, hilo ni la leo, lisingoje siku ya kliniki. Asibaki peke yake hata kidogo. Dawa zote na viuatilifu vya shambani viondolewe ndani. Mpelekeni hospitali ya rufaa sasa hivi, na daktari aambiwe maneno hayo kama alivyoyasema, yasipunguzwe kwa aibu. Akianza kusikia sauti au kusema mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dharura kubwa zaidi. Mchukueni na mtoto, maana zipo dawa za sonona ambazo mama anaweza kutumia huku ananyonyesha, na daktari ndiye atakayemchagulia. Bebeni kadi ya kliniki, FEFO zilizobaki na majibu ya ile damu. Mkifika niandikie.