Mdogo wangu wa miaka 16 yuko kwenye kundi la mapanga Kisauni, Mombasa. Nimpeleke polisi mwenyewe?

DadaWaWatatu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Natafuta ushauri wa mtu anayeijua sheria, au mzazi aliyepitia haya na mwanawe. Nawaomba msinitukane, nyumbani kwetu hakulaliki.

Mdogo wangu ana miaka 16. Baba alifariki, mama anakaanga viazi karai jioni, mimi nafanya usafi hotelini na ndimi ninayelipa kodi ya nyumba. Aliacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo, akaanza kushinda maskani na vijana wanaotafuna muguka (majani ya kulevya jamii ya miraa), na sasa anatoka baada ya Isha anarudi alfajiri. Kundi lao lina jina, Kisauni nzima inalijua, silitaji hapa. Mama amekuta simu za watu chini ya godoro lake. Na kuna mama wa mtaa wa nyuma alikatwa panga la mkono akipokonywa mkoba. Nikimuuliza kama alikuwepo, ananyamaza.

Mzee wa Nyumba Kumi amepita akisema majina yameshapelekwa, na mzazi atakayemleta kijana wake mwenyewe atasaidiwa. Jirani ananiambia nikimpeleka amekwisha, kuwa ndani ya kundi tu ni miaka 15. Mama anataka apande basi usiku huu aende kwa mjomba Tanga. Mimi nataka aache, na yule mama aliyekatwa naye apate haki yake. Nifanyeje?

Mvuvi wa Likoni

Waaleikum salaam. Pole dada, lakini mimi nitasema la moyoni. Banda langu la samaki nalifunga magharibi kwa sababu ya hawa vijana. Binamu yangu ana kovu la panga kichwani mpaka leo. Wanakamatwa Ijumaa, Jumatatu unawaona maskani wanakuangalia usoni. El Salvador serikali ilitangaza hali ya hatari Machi 2022, wakakamatwa watu zaidi ya 80,000, na sasa watu wanatembea usiku. Tungepata sheria kama ile tungepumua. Mpeleke.

Wakili Pwani

Dada, usimpeleke peke yake na usimpeleke usiku. Soma kwanza haya mpaka mwisho.

Jirani yako hakukosea kuhusu miaka 15, ila amekupa nusu ya habari. Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya 2010 inaufanya uanachama wenyewe kuwa kosa, hata kama kijana hajashika panga. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 15, au vyote viwili. Kitendo kikisababisha kifo, ni kifungo cha maisha. Anayewalisha wenzake kiapo naye anakabiliwa na kifungo cha maisha. Hiyo 15 ni kikomo cha juu, hakimu ana nafasi ya kushuka. Kundi kwa sheria hii ni watu watatu na kuendelea, na waziri anaweza kulipiga marufuku kwa jina katika Gazeti la Serikali. Oktoba 2010 yalitajwa makundi 33, Mungiki likiwa mojawapo, na mwishoni mwa 2016 ikatoka orodha nyingine ndefu. Marufuku hiyo nayo hupingwa mahakamani: MRC, lile kundi lililodai Pwani ijitenge, lilikuwa kwenye orodha ya 2010, na Julai 2012 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaliondoa.

Lakini kilichonishtua katika maelezo yako ni ule mkoba. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasema hivi: ukiiba kwa nguvu ukiwa na silaha ya hatari, au ukiwa na mwenzako hata mmoja, au ukamjeruhi mtu, huo ni wizi wa kimabavu na hukumu yake ni kifo. Moja tu kati ya hayo matatu latosha. Thamani ya kilichoibiwa haiangaliwi, iwe simu ya elfu tano au pesa za benki. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, na 2021 ikafafanua kwamba ilizungumzia kesi za mauaji peke yake. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, ila wapo waliozeekea ndani kwa kosa hili.

Mdogo wako hawezi kuhukumiwa kifo, kwa sababu kinachoangaliwa ni umri aliokuwa nao siku ya tendo. Kwa hiyo tafuta cheti chake cha kuzaliwa leo hii, utoe nakala, uiweke kwa mtu mwingine. Nimeona vijana wa miaka 16 wenye vifua vipana wakiandikwa 19 kwenye karatasi za mashtaka, na mzazi anahangaika miezi kuthibitisha.

DadaWaWatatu

Shukran sana wakili. Cheti kipo. Jana usiku amefungua mdomo kidogo, anasema yeye hakumgusa yule mama, alikuwa amesimama kwenye kona akiangalia njia. Hilo linamwokoa? Na zile simu mama anataka kuzitupa baharini.

Wakili Pwani

Mwambie mama asizitupe, asiziuze, asizizime wala kuziwasha. Kushika mali ya wizi huku unajua, au una sababu ya kujua, kwamba ni ya wizi, ni kosa la kifungu cha 322, mpaka miaka 14. Tangu mama alipozikuta, hatari imeingia nyumbani mwenu pia. Kuzitupa ni kuharibu ushahidi.

Kuhusu kusimama kwenye kona: kwa kifungu cha 21, waliokwenda kwa nia moja wanabeba tendo moja. Anayeangalia njia anahesabiwa na aliyeshika panga. Litamsaidia wakati wa hukumu, na litamsaidia zaidi akiwa wa kwanza kulisema akiwa na wakili. Asilieleze kituoni peke yake. Ungamo lina taratibu zake: linatolewa mbele ya hakimu, au mbele ya ofisa wa cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe akiwepo. Na futa sentensi ya kona hapa ukumbini haraka, tafadhali.

Sasa mlango uliopo. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai hadi miaka 12, na chini ya 14 mtoto anachukuliwa hajui kwamba alitendalo ni kosa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wako ana 16, kwa hiyo anashtakiwa, lakini kama mtoto. Sheria hiyo inaruhusu kesi ya mtoto iondolewe kwenye mkondo wa mahakama akikiri wajibu wake na familia ikakubali masharti: kuomba radhi na kufidia, kurudi shule au kujifunza kazi, kuwa chini ya uangalizi. Kwa kesi ya uanachama au ya hizo simu mna la kuomba. Kwa wizi wa kimabavu msilitegemee sana. Ndiyo maana nasema muwahi kabla mashtaka hayajaandikwa.

Askari Mstaafu

Nilifanya kazi magereza miaka mingi. Naongezea jambo moja tu ambalo wakili hawezi kuliona akiwa mahakamani. Katiba, ibara ya 53, inasema mtoto afungiwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Lisisitizeni hilo kila mnapofika. Kijana anayelala mahabusu wiki mbili na wakubwa anatoka na kundi jipya, tena lenye mizizi kuliko lile la maskani. Shimo la Tewa kuna borstal ya wavulana, yaani kituo cha kurekebisha vijana waliohukumiwa, wapo waliotoka pale na ufundi mkononi, useremala na uashi. Lakini nimewaona wengine wakirudi mtaani, maskani ni ile ile, muguka ni ule ule, na baada ya muda nawapokea tena upande wa wakubwa. Kazi ya kumzuia asirudi inaanza siku anapotoka, na siku hiyo serikali haipo mlangoni. Ni nyinyi.

Kijana wa Temeke

Dada yangu, nakuandikia kutoka Dar. Hilo la Tanga liacheni. Sisi Panya Road walipotutia hofu mwanzoni mwa 2015, na waliporudi tena 2022, kila familia yenye kijana wa hivyo ilikuwa inamhamishia mkoani. Akikamatwa huku na wenzake wapya, hana kitambulisho cha huku, hana dada wa kumfuata, na unyang'anyi wa kutumia silaha kwetu ni miaka 30. Halafu kule Mombasa wataandika ametoroka. Mjomba aje yeye, akae naye hapo.

Wakili Pwani

Ahsante Temeke, umesema vizuri. Kutoroka kunampa mwendesha mashtaka hoja ya kupinga dhamana. Tangu Katiba ya 2010 hata mshtakiwa wa wizi wa kimabavu anaweza kupewa dhamana, isipokuwa kuwe na sababu nzito, na kukimbilia nchi nyingine ni sababu nzito.

Mvuvi, nakuheshimu, na banda lako lina haki ya kufungwa saa tatu usiku ukipenda. Ila El Salvador walikuwa na sheria kali ya magenge tangu 2003, mahakama yao ikaibatilisha 2004, na magenge yaliendelea kukua karibu miaka ishirini baada ya hapo. Katika waliokamatwa tangu 2022, maelfu wameachiwa baadaye, maana walikuwa wamekamatwa tu kwa sababu jirani alitaja jina au mtu alikuwa na mchoro mwilini. Kijana wako wewe anayekusaidia kuvuta nyavu angeweza kuwa mmoja wao. Hapa kwetu kesi hazianguki kwa sababu adhabu ni ndogo, adhabu umeziona. Zinaanguka kwa sababu aliyekatwa hafiki kutoa ushahidi. Anaishi nyumba tatu kutoka kwa aliyemkata. Tuna Sheria ya Kuwalinda Mashahidi tangu 2006, na mtaani ni wachache wanaojua kwamba wanaweza kuiomba.

Mvuvi wa Likoni

Hilo la mashahidi ni kweli. Binamu yangu aliacha kesi baada ya kutumiwa ujumbe. Basi yule mama wa mkono asisahauliwe kwenye mipango yenu.

MamaZuhura

Dada, mimi nimempeleka mwanangu, mwaka wa tatu huu. Nilikwenda asubuhi, na imamu wa msikiti wetu, na mwanasheria wa msaada. Mombasa wapo Kituo cha Sheria, wapo MUHURI na HAKI Africa, mashirika ya haki za binadamu, na ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria iliyowekwa na sheria ya 2016. Hawakunidai kitu. Nilianza kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ndipo tukaenda kituoni naye. Hakikisha mnaandikwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo, na unaondoka na namba yake. Akizuiliwa, hesabu saa 24, awe ameshafika mahakamani, au siku ya kazi inayofuata ikiwa muda umeishia wikendi. Mtu akikuomba pesa "amalizane" na faili, kataa. Faili halifi, linakaa kabatini likikungoja. Wangu alipewa probesheni, yaani kutumikia nje chini ya uangalizi, ambayo ni kati ya miezi sita na miaka mitatu, na afisa alikuwa anakuja mpaka nyumbani. Kilichomsimamisha hasa ni kupata gereji ya kujifunza na kuacha muguka. Kaunti iliipiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasitisha, kwa hiyo vita hiyo ni yetu nyumbani.

Kuhusu mama aliyekatwa: mimi yule aliyeumizwa katika kesi ya mwanangu nilikwenda kwake mwenyewe, baada ya mwanasheria kukubali, na wazee wawili. Sikumwomba afute kesi. Nilimuuliza dawa zinagharimu kiasi gani.

DadaWaWatatu

Allah awalipe nyote. Nimefuta ile sentensi. Mama amekubali habari ya Tanga tuiache. Mjomba anakuja Alhamisi. Kesho asubuhi nimeomba ruhusa kazini nende kwa afisa wa watoto na cheti. Swali la mwisho: simu nizibebe mimi?

Wakili Pwani

Usizibebe. Ziwekwe kwenye mfuko mmoja, mwanasheria atazipeleka na kuomba hati ya kupokelewa. Ukikwama kupata mtu kabla ya kesho, piga 116, ni namba ya bure ya watoto, inafanya kazi usiku. Na kijana alale nyumbani leo, hata ikibidi mkeshe naye.