Maji ya moto yanachuruzika: pampu, mabomba mapya au hita nyingine?

Kisima
Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Maji ya moto bafuni yanachuruzika tu, hata povu halitoki kichwani. Nimebakiza njia tatu: pampu ya kuongeza presha, kuvuta mabomba mapya ya PPR (ya plastiki), au kuweka hita ya papo kwa papo badala ya hii ya tangi. Ipi itamaliza shida?

FundiKoki
Mkuu, umetaja dawa, ugonjwa hujasema. Ya baridi yana nguvu? Ni bafuni tu au hata jikoni? Hita inalishwa na tangi la juu au bomba kuu?

BintiShaba
Pampu, usihangaike. Mita 10 za kimo ndiyo bar 1, yaani kipimo cha presha. Tangi likiwa mita 2 juu ya shawa, unapata bar 0.2 tu. Sisi tangu tuweke pampu tunaoga vizuri.

MzeeRula
Dada, mimi pampu siisifii. Fundi alituwekea bila kukagua chochote, na mabomba yetu yalikuwa ya chuma, ya zamani. Siku za mwanzo raha tupu. Kisha magamba ya kutu yakaanza kung'oka na kuziba miksa, ile koki inayochanganya maji ya moto na baridi. Usiku mmoja kiungo nyuma ya vigae kikaachia, maji yakashuka ukutani mpaka kwenye makabati ya jikoni. Tulipovunja ukuta, bomba lilikuwa limejaa kutu, tundu lililobaki halipitishi hata kidole. Fundi hakupokea simu tena. Tukavuta PPR, na pampu tukaing'oa.

Kisima
Poleni sana. Ya baridi yana nguvu. Hita ni ya lita 80. Jikoni ya moto yana nafuu. Mabomba yamefukiwa, siyajui.

FundiKoki
Kama jikoni kuna nafuu, anza na miksa ya bafuni. Zima hita, maji yapoe, funga koki, fungua mpira wa upande wa moto uelekeze kwenye ndoo, kisha fungulia. Yakija kwa nguvu, miksa imeziba. Yakichuruzika, rudi nyuma hadi valvu ya hita. Mara nyingi imeachwa wazi nusu tu. Ila hujasema ya baridi yanatoka wapi. Yakitoka bomba kuu na ya moto yakatoka tangi la juu, baridi huyazidi nguvu ya moto ndani ya miksa.

Vuguvugu
Hita ya papo kwa papo isahau. Kilowati 8, ukipandisha joto digrii 25, unapata lita 4.6 hivi tu kwa dakika. Na hiyo ya tangi ishushe hadi digrii 45, chokaa inayoganda ndani itapungua.

FundiKoki
Chokaa itapungua kweli, lakini bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu, wanazaliana kati ya digrii 20 na 45. Tangi libaki 60.

BintiShaba
60 na watoto ndani ya nyumba? Wataungua!

FundiKoki
Ndiyo maana kuna valvu ya kuchanganya ya moto na baridi, inawekwa kwenye njia ya maji kutokea kwenye hita.

MzeeRula
Miksa iloweke kwenye siki usiku kucha. Asidi ya choo usiiguse.

Kisima
Valvu ya hita haigeuki kabisa. Nilazimishe?

FundiKoki
Hapana! Shina likikatika utakosa maji kabisa. Funga koki kuu kwanza. Na ya baridi yanatoka wapi, mkuu?