Unga wa makaa kwenye maikrowevu: unawaka, kisha majivu, alumini haiyeyuki

Muulizaji
Wakuu, lengo ni kuyeyusha gramu 50 za alumini ndani ya oveni ya maikrowevu ya wati 800. Chungu cha grafiti kinatoa cheche ukingoni na hakishiki moto wa maana. Chungu cha kauri kilichozungushiwa unga wa makaa kinakuwa chekundu haraka, lakini baada ya dakika kumi makaa yamekuwa majivu na alumini bado ngumu. Mbona zote ni kaboni na matokeo hayafanani?

Mchangiaji 1
Tofauti ni ukubwa wa kipande. Mawimbi ya gigahezi 2.45 huzama kwenye grafiti ngumu kama mikromita 30 tu. Sehemu kubwa inarudishwa kama inavyorudishwa na chuma. Kwenye unga, kila chembe inapenywa karibu yote, umeme unazunguka ndani yake na chembe inapata moto. Cheche ni kwa sababu ukingo mkali hukusanya nguvu ya umeme mpaka hewa inashindwa kuhimili.

Piga na hesabu. Kupandisha gramu 50 za alumini hadi nyuzi 660 na kuiyeyusha kunahitaji takribani kilojuli 50. Wati 800 zinatoa kiasi hicho kwa dakika moja na sekunde chache. Kwa hiyo nguvu ipo, ila joto linakutoroka, na kaboni inaungua kabla ya kazi kuisha.

Mchangiaji 2
Achana na makaa, tumia unga wa silikoni kabidi, ule wa kusagia mawe. Unanyonya mawimbi tangu ukiwa baridi, na ukipata moto unajitengenezea ngozi nyembamba ya silika inayozuia hewa kuula.

Changanya na maji ya kioo (sodiamu silikati) kidogo kidogo mpaka ushikane kama udongo wa kufinyanga, usiwe uji. Paka unene wa milimita 3 hivi ndani ya kasha la sufi ya kauri (nyuzi za kauri zinazohimili moto), pamoja na kifuniko. Acha siku nzima ukauke, kisha upashe taratibu kwenye oveni ya kawaida hadi uvuke nyuzi 100. Hapa ndipo wengi wanaharibu: unyevu ukibaki, mvuke unabandua tabaka lote kwa mara ya kwanza tu.

Nje ya tabaka weka sufi ya sentimita 3 au zaidi kila upande, chini pia. Sufi hiyo inapitisha mawimbi na kuzuia joto, na kazi yote imelala hapo. Ukiikata vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Chungu kiwe cha alumina (kauri ya oksidi ya alumini, si alumini yenyewe). Kwa shaba, yenye nyuzi 1085, usitegemee mchanganyiko huu; maji ya kioo hulegea.

Mchangiaji 3
Naongezea ya usalama. Kaboni inayoungua kwa hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo fanyia kazi nje au penye upepo. Toa sahani ya kioo inayozunguka, weka tofali la kuhimili moto. Oveni hiyo isipikiwe tena. Na usifungue bodi lake: kapasita ina volti zipatazo 2000 na hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

Muulizaji
Nimeelewa. Na kikombe cha maji pembeni, ili magnetroni (kifaa kinachotoa mawimbi) isiungue?

Mchangiaji 2
Hapana mkuu. Maji yatakunyang'anya nguvu, na tone likigusana na alumini iliyoyeyuka linalipuka. Silikoni kabidi yenyewe ni mzigo wa kutosha kunyonya mawimbi. Washa dakika 4, pumzisha 2 ili magnetroni ipoe, rudia. Kalibu ya kumiminia nayo ipashwe moto kwanza, iwe kavu kabisa.