Naomba ushauri: vitambulisho vya watoto wakubwa tukishuka Cozumel

Mama Salim, Houston

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba mnisaidie kabla sijamalizia kulipa safari, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Likizo ya shule ya Machi tunapanda meli Galveston, siku 5, inapita Progreso na Cozumel, huko Mexico, halafu inarudi palepale. Twaenda mimi na wanangu wawili. Baba yao ni dereva wa lori na hajapata ruhusa kazini. Mimi nilikula kiapo cha uraia miaka 3 iliyopita, pasipoti ya Marekani ninayo. Binti ana miaka 13, kazaliwa hapahapa Houston.

Kinachonikosesha usingizi ni Salim. Ametimiza 16 mwezi wa kumi na moja. Kazaliwa Mombasa, leseni hana, pasipoti yake ya Kenya ilishakwisha muda. Alichonacho ni grini kadi aliyokuja nayo, na picha iliyomo ni ya mtoto wa miaka 7 asiye na meno ya mbele. Leo ana masharubu na ananipita urefu.

Aliyetuuzia safari kasema kwa simu kwamba watoto wanatosha na cheti cha kuzaliwa. Cha Salim ni cha Kenya. Kitatosha kweli? Na wakishuka bandarini kila mmoja abebe nini? Salim anataka kuzunguka na vijana wenzake, nami roho haitulii.

Baba Zuhura, Dallas

Waaleikum salaam dada. Hapana, hakitatosha, na nitakueleza kwa nini kwa sababu hapa wengi wetu tunakwama.

Kwa meli inayotoka na kurudi bandari ileile ya Marekani, raia wa Marekani aliye chini ya miaka 16 anaruhusiwa kurudi nchini kwa cheti cha kuzaliwa peke yake. Utaratibu huo umekuwepo tangu Juni 2009. Akifika 16, cheti lazima kiandamane na kitambulisho cha serikali chenye picha. Sasa, cheti kinakubaliwa pale kwa sababu kinaonyesha kwamba mtu kazaliwa Marekani, yaani ni raia. Cha Mombasa kinaonyesha kazaliwa Mombasa, basi.

Lakini kuna habari njema ambayo huenda hukuambiwa. Ulipokula kiapo Salim alikuwa na miaka 13, ana grini kadi, anaishi nawe. Kwa sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, alikuwa raia siku ileile uliyoinua mkono. Hahitaji kuomba uraia, anahitaji karatasi ya kuuthibitisha tu, na iliyo ya haraka ni pasipoti.

Nendeni posta pamoja, yeye mwenyewe lazima awepo. Beba cheti chako cha uraia (halisi, watakirudisha kwa posta), grini kadi yake, cheti chake cha Kenya chenye jina lako kama mama, na karatasi za shule zinazoonyesha anaishi kwako. Kwa kuwa ana 16, mzazi mmoja anatosha. Gharama ni dola 130 na 35 za kupokelewa fomu, na inadumu miaka 10. Kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 bila kuhesabu siku za posta. Ukiongeza dola 60 huwa wiki 2 hadi 3. Kwa safari ya Machi, mimi ningeongeza.

Kagua pia tahajia ya jina lako. Mke wangu ni Mwanaisha kwenye cheti cha uraia na Mwanaesha kwenye cheti cha mtoto. Tuliandikiwa barua ya kutaka ushahidi zaidi, tukapoteza mwezi mzima.

Bint Tanga, Minneapolis

Mama Salim, usimsahau huyo wa miaka 13. Mimi nilikwenda Fort Lauderdale na cheti cha mwanangu kile cha hospitali, chenye alama za nyayo na muhuri wa dhahabu. Kizuri kweli, nilikitia kwenye fremu. Foleni ilipofika kwetu nikaambiwa si hati ya serikali. Tulibaki gatini na masanduku yetu tukiitazama meli ikiondoka, na mwanangu analia. Pesa haikurudi. Kosa lilikuwa langu, sikusoma, na mpaka leo nikikumbuka uso wake naumia.

Kinachotakiwa ni kile kinachotolewa na ofisi ya vizazi ya jimbo au kaunti. Kitazame leo, usingoje Februari.

Mlinzi wa Ngazi, Mombasa

Nimefanya kazi miaka 6 kwenye meli za utalii, zaidi kwenye ngazi ya kushukia, kwa hiyo nijibu lile la kushuka.

Kila abiria ana kadi ya meli. Ukiigusisha kwenye mashine, picha yako inatokea kwenye skrini na mlinzi anakulinganisha. Hiyo ndiyo inayokutoa na kukurudisha. Meli nyingi haziruhusu aliye chini ya miaka 18 kushuka bila mtu mzima wa kundi lake, na mashine inatoa onyo. Kwa hiyo Salim kuzunguka na wenzake bila wewe, ulizia mapema kabla hujamwahidi.

Shida iko upande wa pili, kwenye lango la gati wakati wa kurudi. Yule ni mlinzi wa bandari, si wa meli, na anataka kuona kadi ya meli pamoja na kitambulisho chenye picha. Watoto wadogo hupita bila kuulizwa. Kijana mrefu mwenye masharubu ataulizwa, hata ukisema ni mtoto. Nimewaona wengi wamesimamishwa juani mpaka mama afike na karatasi. Kitambulisho cha shule wakati mwingine kinapita, wakati mwingine hakipiti. Usikitegemee.

Mama Nuru, Atlanta

Mimi nasema kila mtu atembee na pasipoti yake mwenyewe. Meli ikiwaacha, utarudi vipi bila hiyo?

Mlinzi wa Ngazi, Mombasa

Mama Nuru, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe kwa upande wa vijana. Ufukweni simu inaanguka majini, sembuse pasipoti. Tulipokuwa tunaondoka na mtu hajarudi, tulifungua sefu ya chumba chake na kuziacha pasipoti kwa wakala wa meli pale bandarini. Zikiwa chumbani zina njia ya kukufikia, zikiwa ndani ya bahari hazina. Salim achukue kadi ya meli na kitambulisho cha jimbo. Pasipoti ikishafika, itumie kumchukulia kitambulisho cha Texas, ni dola 16. Kisipowahi, basi pasipoti zote akae nazo mama kwenye mkoba unaofungwa, na watoto wasiende mbali naye.

Ila kwamba pasipoti iwepo safarini, hapo naungana nawe moja kwa moja. Nilimwona mtoto wa miaka 12 akishushwa Cozumel na kidole tumbo, na cheti cha kuzaliwa tu. Ndege ya kurudi Marekani inataka pasipoti ya kitabu. Hata ile kadi ya pasipoti haikubaliwi kwenye ndege za kimataifa. Familia ililazimika kuhangaikia pasipoti ya dharura mtoto akiwa ametoka kupasuliwa. Ubalozi mdogo wa Marekani uko Mérida, na kuna ofisi ya wakala wa ubalozi Playa del Carmen, ng'ambo ya maji kutoka Cozumel. Andika anwani zote mbili.

Mama Nuru, Atlanta

Kuhusu sefu nimekuelewa, kaka, ahsante. Mama Salim, nyongeza: watoto wetu hubeba jina la baba na babu, sisi tunabaki na majina ya kwetu. Karani haoni kinachowaunganisha. Baba asipokwenda, aandike barua ya ridhaa yenye tarehe za safari na jina la meli, aisaini mbele ya notari, yule afisa wa kuthibitisha saini. Mimi nimeulizwa mara mbili.

Mama Salim, Houston

Nimesoma yote, nimesoma tena na baba yao usiku. Sikujua kabisa kwamba mwanangu ni raia miaka 3 sasa. Nilikuwa nimeanza kuweka akiba ya kumfanyia maombi. Allah awalipe.

Tumepata miadi posta Alhamisi, watoto wote wawili, kwa haraka. Kwa binti nimeambiwa wazazi wote wawe mbele ya karani au baba asaini fomu ya ridhaa kwa notari na kuambatanisha nakala ya kitambulisho alichoonyesha. Atasaini kesho kabla hajaondoka kwenda Laredo.

Moja limebaki. Binti anavaa hijabu. Picha ya pasipoti watamwambia avue?

Bint Tanga, Minneapolis

Hapana mpenzi, asivue. Uso uonekane wote, kuanzia kidevu mpaka paji, pasiwe na kivuli, na uambatanishe maelezo yaliyosainiwa kwamba anaivaa kwa ajili ya dini. Sisi tulivalisha ya rangi ya samawati kwa kuwa nyeupe ilimezwa na ukuta. Kapigeni Jumatano, msingoje asubuhi ya miadi.